Nafasi Mbili za Masomo, na Jina Langu Limo

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninaandika baada ya kutoka zamu ya usiku, kwa hiyo naomba univumilie ikiwa maelezo yangu yatakuwa marefu. Mimi ni Afisa Muuguzi mwenye umri wa miaka 38, mwenye shahada ya kwanza ya uuguzi, na ninafanya kazi katika hospitali ya wilaya moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja. Nina mume, watoto wawili na miaka 13 ya utumishi. Tangu mwaka juzi nimekuwa msaidizi wa muuguzi mfawidhi wa hospitali, na kwa nafasi hiyo ndiye ninayeandaa rasimu ya mpango wa mafunzo ya wauguzi, ambao hupita kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya na kwa Mganga Mkuu kabla ya kumfikia Mkurugenzi mwenye saini.

Miaka yote rasimu hiyo ilikuwa orodha ya majina tu. Aliyeomba kwanza aliandikwa kwanza, na aliyesahauliwa alisubiri mwaka mwingine. Safari hii tumeagizwa kuandaa mpango wa miaka mitatu unaoonyesha ujuzi gani utahitajika kwa kadiri huduma zinavyobadilika, na kila muuguzi anaelekea wapi katika taaluma yake. Wakati huohuo nimeambiwa kwamba kwa mwaka wa fedha ujao hospitali inaweza kuruhusu wauguzi wawili tu waende masomo ya muda mrefu huku wakilipwa mshahara, kwa sababu wakitoka zaidi ya hao zamu hazitajaa.

Walioomba kwa dhati ni wawili. Ukiniongeza mimi, tunakuwa watatu.

Wa kwanza ni sista wa leba, mama wa miaka 51, muuguzi wa ngazi ya cheti mwenye miaka 26 kazini, ambaye anataka kusoma stashahada. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuwa mgeni, usiku mmoja mama alivuja damu nyingi baada ya kujifungua nami nikaganda mlangoni. Sista aliushika mkono wangu, akaubana kwenye kizazi cha yule mama, akaniambia nisiutoe mpaka aseme. Mwezi uliopita msichana wa miaka 24 mwenye stashahada aliteuliwa kuwa msimamizi wa wodi hiyo, kwa sababu iliyoelezwa kuwa muundo wa utumishi hauruhusu mwenye cheti. Sista alikuja ofisini kwangu, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nitaendelea kuwafundisha mabosi wangu mpaka lini?" Sikuwa na jibu. Baadhi ya wenzangu wanasema kumsomesha mtu wa umri huo ni hasara kwa serikali, maana atastaafu kabla ujuzi haujatumika.

Wa pili ni kijana wa miaka 27 mwenye shahada, ambaye ana miaka miwili tu kazini. Tulijengewa jengo la huduma za dharura na wodi ya wagonjwa mahututi, ICU, lakini mashine mbili za kupumulia hadi leo zimefunikwa nailoni kwa sababu hakuna anayethubutu kuziwasha. Kijana huyu husoma vitabu vyake vya maelekezo wakati wa mapumziko. Majeruhi wa bodaboda akiletwa na fahamu zimempotea, tunamfunga kwenye gari la wagonjwa na kumpeleka rufaa kwa mwendo wa saa tatu, na wapo waliotufia njiani. Kijana anaomba shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Hofu yangu ni kwamba akimaliza hatarudi. Atabaki mjini au ataondoka kwenda nchi za Ghuba kama walivyofanya wenzake wawili waliohitimu naye.

Wa tatu ni mimi. Nimepata udahili Dar es Salaam kwa shahada hiyohiyo anayoitaka kijana, na sijamwambia mtu kazini isipokuwa kiongozi wangu. Yeye alicheka, akasema, "Andika jina lako. Kalamu si iko mkononi mwako?" Mume wangu naye anasema hivyohivyo. Nimeandika jina langu mara mbili na kulifuta mara mbili.

Linalonichanganya zaidi ni kwamba sijui miaka mitatu ijayo itakuwaje. Tulijipanga kuongeza wakunga, tukaletewa ICU. Mwaka 2025 mradi uliokuwa ukiwalipa wauguzi wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, ulifungwa, na wagonjwa wao wakaja kwetu bila watumishi wao. Kliniki ya presha na sukari ya kila Alhamisi, ambayo nilipoajiriwa ilikuwa na watu kumi na tano, sasa inafikisha themanini, na inaendeshwa na muuguzi mmoja tunayemwazima kutoka kliniki ya mama na mtoto, lakini huyo hajaomba kusoma. Mtu anapangaje ujuzi wa huduma ambazo hazitulii? Na je, ni dhambi kujiandika mwenyewe?

Mwenye Kalamu Nzito
Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na penseli, kama nilivyokuwa nikisoma ripoti za usiku enzi zangu. Niliyoyaelewa ni haya. Una nafasi mbili na waombaji watatu, nawe ni mmojawapo wa hao watatu na pia ndiye mshika kalamu. Unadaiwa shukrani na mama aliyekufundisha kazi, unamwogopa kijana ambaye huenda akaondoka, na unajionea haya kwa kutaka jambo ambalo angelitaka mwingine wala usingemlaumu. Juu ya yote hayo umetakiwa kutabiri miaka mitatu katika sekta ambayo hubadilika ndani ya miezi mitatu. Kwamba kalamu imekuwa nzito hainishangazi. Ingekuwa nyepesi ndipo ningeogopa.

Niruhusu nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Penseli yangu iliweka alama kila ulipomtaja mtu aliyeomba, na kila ulipolitaja jengo. Karibu barua nzima ikajaa alama. Halafu nikakuta sentensi moja, kuelekea mwisho, inayohusu watu themanini wa kila Alhamisi, nayo ukaifunga kwa kusema kwamba muuguzi wao hajaomba kusoma. Mwanangu, uliagizwa uachane na orodha ya majina ukaandike mpango wa ujuzi, lakini nahisi orodha bado imekaa kichwani mwako ikivaa nguo za mpango. Waliobisha hodi wameonekana, na aliyenyamaza akifanya kazi ya watu watatu ameachwa kwenye nusu ya sentensi.

Sisemi hivyo ili kukusuta, maana hata mimi niliishi hivyo miaka mingi. Ila fikiri kidogo. Utafiti uliofanyika nchini mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na sukari iliyozidi. Watu hao wamezidi kuzeeka, na sasa wako kwenye benchi lako la Alhamisi. Wengine kati ya wale unaowapeleka rufaa wakiwa wamepoteza fahamu si majeruhi wa bodaboda. Ni watu wa presha waliokosa dawa au mtu wa kuwafuatilia, wakapata kiharusi. Wagonjwa wa CTC waliokuja bila watumishi wao nao wanahitaji muuguzi wa namna hiyohiyo: anayejua kufuatilia ugonjwa wa kudumu, kutunza kumbukumbu, kumtafuta aliyekosa kuja, na kuzungumza na mtu mmoja miaka kumi bila kumchoka. Unaona hapo kwamba ulichokieleza kama mizigo miwili huenda ni ujuzi mmoja? Na tangu mwaka 2024 serikali ilipoanza mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, swali la nani atawasimamia na kupokea taarifa zao linaelekea kwenye meza ya muuguzi huyohuyo ambaye hajaomba kusoma. Huenda hahitaji shahada. Huenda anahitaji wiki kadhaa katika kliniki iliyopangika vizuri ya hospitali ya rufaa ya mkoa, msaidizi mmoja, na kutamkiwa rasmi kwamba hiyo ndiyo kazi yake na wala haazimwi tena. Hayo hayagusi nafasi zako mbili hata kidogo.

Sasa tuje kwenye ICU. Fedha za mkopo wa masharti nafuu za mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19, zililetea wilaya nyingi majengo ya dharura na wodi za mahututi, na ni jambo jema. Lakini jengo hukamilika kwa miezi, na muuguzi hukamilika kwa miaka. Dhana ninayoiona ndani ya barua yako, na nitaigusa kwa upole, ni kwamba mmoja akienda kusoma, ama wewe ama kijana, nailoni itatoka kwenye mashine. Hebu tupige hesabu. Siku ina zamu tatu za saa nane, hivyo wiki ina zamu 21. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anajaza zamu tano. Kwa hiyo ili kuwe na muuguzi mmoja tu mwenye ujuzi kando ya mashine hizo usiku na mchana, unahitaji wauguzi wanne na kidogo, kabla hujatoa likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, kuuguliwa na misiba. Sema watano kwa uchache, na wakiwa watano tu hutaki hata mmoja aumwe jino. Bingwa mmoja atakayerudi na shahada ya uzamili atakuwa mtu mmoja anayelala usiku kama sisi sote, na mgonjwa hachagui saa ya kubadilika hali.

Ndiyo maana wanaopanga watumishi kwa uzito wa kazi, kwa ile njia ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WISN ambayo hata hapa nchini imetumika, hawaanzi na vyeti. Huanza kwa kuuliza kazi gani zinafanyika, kila moja inachukua dakika ngapi, na muuguzi mmoja ana saa ngapi za kweli kwa mwaka baada ya kutoa likizo na ugonjwa. Huna haja ya programu ya kompyuta kwa jambo hilo. Daftari la zamu na rejesta za wodi za miezi sita zinatosha kukufumbua macho. Ukishajua unahitaji watano, swali linabadilika kutoka nani aende Dar es Salaam na kuwa watano hao watapatikanaje. Huenda wanne wakaenda kwa zamu, wiki nne au sita kila mmoja, kujifunza kwa vitendo katika ICU ya hospitali ya rufaa, na mmoja akasoma kwa undani ili awe mwalimu wao. Kwenda kwa zamu kuna hatari zake: wiki sita hazimfanyi mtu kuwa hodari, na mtu aliyejifunza kidogo huweza kujiamini kupita kiasi mbele ya mashine ambayo makosa yake hayarudishwi nyuma. Lakini kumngoja bingwa miaka miwili huku majeruhi wakifia njiani nako ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeutia saini. Labda hata si lazima uanze na mashine. Jengo la dharura lenye wauguzi wanaojua kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, kufungua njia ya hewa, kutoa oksijeni ipasavyo na kumsindikiza mgonjwa kwenye gari la rufaa akiwa anapumua vizuri lingewafaa wale wa bodaboda mapema kuliko mashine ya kupumulia.

Hapa nikuungamie jambo. Miaka ya tisini, katika hospitali ambayo nami sitaitaja, tulimpeleka muuguzi mmoja kusomea nusukaputi. Alirudi akiwa na furaha, amenunua hata saa mpya ya mkononi kwa ajili ya kuhesabu mapigo. Wodi ya watoto ilikuwa na upungufu, akapangwa huko kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa miaka miwili. Aliyempanga huko alikuwa matroni, na matroni huyo nilikuwa mimi. Alipoomba uhamisho nilikasirika na kumwita mtu asiye na shukrani, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hospitali ilikuwa imemwacha kabla yeye hajaiacha.

Ninamtaja kwa sababu ya kijana wako. Unasema hatarudi, na unawataja wenzake wawili walioondoka. Inawezekana kabisa. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi tajiri zinahimizwa zisiende kuzoa wauguzi wake kwa makundi, lakini orodha hiyo haimzuii mtu binafsi kuomba kazi, na wala haipaswi kumzuia. Mkataba wa kurudi kazini baada ya masomo husaidia kwa kiasi fulani, ingawa hushika mwili kuliko moyo. Ningependa umwulize yeye mwenyewe, bila kumtega: je, akirudi angependa kukuta nini? Usishangae akikujibu habari za mtu wa kubadilishana naye zamu na uhakika wa kutohamishiwa wodi nyingine, kabla hajagusa mshahara. Na kuna swali lingine ambalo ni la kwako: kama angekuwa na hakika ya kubaki, je, miaka miwili ya uzoefu ingetosha kwa masomo anayoyaomba, au ungetamani kwanza akae mwaka mmoja akiwa mmoja wa wale watano? Kumwambia asubiri si kumnyima, iwapo ataambiwa sababu na tarehe. Kusubirishwa bila tarehe ndiko kunakofukuza vijana.

Na sasa sista. Hapa nilisimama kidogo kabla ya kuendelea kuandika, kwa sababu namjua. Simjui kwa jina, lakini kila hospitali niliyofanya kazi alikuwapo. Vifo vya akina mama kutokana na uzazi, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, vikashuka hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Yapo majengo, dawa, magari na simu za dharura nyuma ya mabadiliko hayo, lakini ipo pia mikono iliyokataa kutoka kwenye kizazi mpaka iambiwe. Wanaosema kumsomesha ni hasara wanafanya hesabu ya miaka ya mtu mmoja. Mwanamke wa miaka 51 ana miaka minne kabla ya kustaafu kwa hiari na tisa kabla ya kulazimika. Akimaliza akiwa na 53 au 54 anaweza kubaki miaka sita. Kijana unayehofia kuondoka baada ya miwili, je, hesabu yake ni nzuri zaidi? Siulizi ili kukuelekeza jibu. Nauliza kwa sababu umri umetumika kama hoja upande mmoja tu.

Hata hivyo umedhani kwamba unajua anachokitaka, nami sina hakika nawe. Aliuliza ataendelea kuwafundisha mabosi wake mpaka lini. Maneno hayo yanaweza kumaanisha kwamba anataka cheo, au kwamba anafikiria mafao yake, au kwamba amechoka kufundisha bila kuitwa mwalimu. Kila maana ina njia yake. Ikiwa ni cheo na mafao, basi mkae pamoja na afisa utumishi kabla hajajaza fomu yoyote ya chuo. Masharti ya udahili ya leo yanaangalia ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Je, cheti chake kinakidhi, au ataanza kwa kurudia mitihani? Na baada ya kuhitimu, mtu hapandi siku ya mahafali. Lazima nafasi ya kada mpya iwemo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na mshahara wake utengewe bajeti, na wapo waliokaa na stashahada kabatini miaka kadhaa wakisubiri kubadilishiwa muundo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaweka. Tena aliyetumikia miaka 26 huenda mshahara wake wa sasa umeshalingana au kuzidi ule wa kuanzia kada mpya, na akajikuta amesoma, ameheshimiwa, lakini mfukoni hakuna kilichobadilika. Ni vyema alijue hilo akiwa na ninyi badala ya kuligundua peke yake kwenye hati ya mshahara.

Ikiwa ni kuchoka kufundisha bila kutambuliwa, lipo jambo lililo ndani ya uwezo wenu bila kibali cha masomo. Mafunzo endelevu ya kitaaluma ambayo Baraza la Uuguzi na Ukunga linayataka kwa ajili ya kuhuisha leseni lazima yafundishwe na mtu. Kwa nini yale ya leba yasifundishwe naye, jina lake likiwa kwenye ratiba na kazi hiyo ikihesabiwa katika tathmini yake ya utendaji? Hatari ya njia hii naijua vizuri: inaweza kugeuka kuwa njia ya adabu ya kumnyima stashahada, na atalitambua hilo kabla hujamaliza sentensi. Ingekuwa haki tu ikiwa inaongezewa njia ya kupanda, si kuichukulia nafasi yake. Ipo pia njia ya kusoma akiwa kazini. Kenya, kuanzia mwaka 2005, shirika la afya la Amref na Baraza la Uuguzi la nchi hiyo waliendesha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti kufikia stashahada kwa masomo yanayotolewa kwa njia ya kompyuta bila kuwatoa vituoni, wakati ambapo waliohitaji kupanda walikuwa wapatao 22,000. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha wauguzi waliomo kazini. Ulizia kilicho karibu nanyi na chenye ithibati mwaka huu, kwa maana programu hufunguliwa na kufungwa. Ila usome kwa makini neno "kazini": kwa mama wa miaka 51 mwenye zamu za usiku leba, kusoma akiwa kazini bila kupunguziwa zamu ni kumwekea mzigo wa pili na kuuita fursa.

Bado jina lako.

Uliuliza kama ni dhambi kujiandika. Kutaka kusoma si wizi, mwanangu, na miaka 13 ya utumishi haipotezi thamani kwa sababu tu kalamu iko kwako. Kinachokusumbua, nadhani, ni kwamba unajua huwezi kuwa mpimaji na mpimwa kwa wakati mmoja, na kicheko cha kiongozi wako hakikukutuliza kwa sababu hakikujibu hilo. Unaweza kumwandikia rasmi kwamba nawe ni mwombaji, vigezo vikaandikwa na kukubaliwa kabla majina hayajawekwa mezani, na siku ya kuyajadili majina ukatoka chumbani. Utapoteza sauti yako katika kikao ambacho pengine kitamkata sista, na hiyo si gharama ndogo. Unaweza kuomba chuo kiahirishe udahili wako kwa mwaka mmoja, kama kanuni zake zinaruhusu, ukamaliza mpango huu ukiwa huru. Hapo hatari ni kwamba mwaka mmoja una tabia ya kuzaa mwingine, na utakuja kuwahesabia wengine deni ambalo hawakukukopa. Unaweza pia kuomba kama wengine, ukashinda kwa haki, na bado watu wakanong'ona. Manung'uniko hayo yatapungua au yataongezeka kutegemea kama siri imevuja au umeisema mwenyewe, na hadi sasa kijana hajui kwamba mnagombea kiti kimoja. Sijui utaliona vipi, lakini mimi ningependelea alisikie kutoka kwako.

Kuna swali moja ambalo barua haikuligusa: ukirudi na shahada hiyo, utakuwa nani? Uuguzi wetu una tabia ya kumsomesha mtu kitandani kwa mgonjwa kisha kumpandisha mpaka asimwone mgonjwa tena. Wewe tayari uko nusu ofisini. Unataka kurudi ICU, kwenye oksijeni na usiku usio na usingizi, au unataka kufundisha, au kuongoza? Kila jibu ni la heshima, lakini si kila jibu linaelekea kwenye shahada hiyo. Huenda wewe na kijana mmeomba mlango mmoja huku mnaelekea vyumba tofauti, na hilo likidhihirika ugomvi wa nafasi unaweza kupungua wenyewe.

Kuhusu huduma zisizotulia, usijaribu kubashiri miradi. Miaka mitatu nyuma hakuna aliyekuwa anajua kuhusu CTC yenu. Tazama badala yake ni ujuzi gani utafaa vyovyote vitakavyokuwa: kumtambua mgonjwa anayezidiwa kabla hajazidiwa, dharura za uzazi, kufuatilia magonjwa ya kudumu, kuwasimamia walio ngazi ya jamii, kuzisoma takwimu za wodi yako mwenyewe. Mpango ukijengwa juu ya hayo, jengo jipya likija utakuwa na watu wa kuanzia. Na uupitie kila mwaka kabla ya vikao vya bajeti, kwani mpango wa miaka mitatu usiofunguliwa unakuwa orodha nyingine tu yenye jalada zuri.

Niandikie tena utakapokuwa umekaa na sista na kumwuliza maana ya swali lake. Na uniambie tarehe ya mwisho ya kuthibitisha udahili wako ni lini. Umeandika umri wa kila mtu na miaka yake ya kazi, lakini tarehe hiyo hukuitaja.